Chungu Kinachong'aa na Jua la Kisumu

Kama umewahi kutembelea soko la Kibuye mjini Kisumu siku ya Jumapili, bila shaka umeona jinsi mtu anavyonunua chungu. Huinama, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio wake, akakigeuza atazame kitako, ndipo aanze kubishana bei. Lakini siku hizi mnunuzi mwingine hayupo sokoni kabisa. Yuko Nairobi, au Mombasa, au ng'ambo, na kinachomfikia ni picha iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp. Picha haigongwi ikalia. Anachokiona ndicho anachokiamini, na picha ikisema uongo, atakayepata hasara ni mfinyanzi.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Mama mmoja mfinyanzi wa upande wa Siaya alinionyesha picha ambazo mjukuu wake alizipeleka kwa mtu aliyeagiza vyungu sita. Zilipigwa mchana, juani. Tumboni mwa kila chungu palikuwa na doa jeupe la ukubwa wa sarafu, na kutoka hapo mstari mweupe uliteremka hadi karibu na kitako. Mnunuzi akajibu kwamba hataki vyungu vyenye nyufa na vilivyochubuka rangi. Vyungu vyenyewe vilikuwa mbele yangu pale barazani, vizima, vyekundu, laini kama ngozi ya mtoto mchanga.

"Mwanangu," mama akaniuliza, "huo ufa yeye ameuona wapi?"

Hapakuwa na ufa. Lilikuwa ni jua tu, limejiangalia katika chungu kama mtu ajiangaliavyo katika kioo.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini chungu cha Kiluo hung'aa hali hakikupakwa rangi yoyote. Mwanamke anayefinyanga hujenga kuta zake kwa udongo wa mviringo, pete juu ya pete. Kinapokaribia kukauka, hukisugua kwa kokoto laini iliyolainishwa na maji, akarudia na kurudia. Kokoto ile huzilaza punje za udongo zikawa bapa. Baadaye chungu huchomwa kwa moto wa wazi wa kuni na nyasi, na kikitoka huwa na wekundu wake, hapa na pale pakiwa na wingu jeusi palipoguswa na moshi. Ule ulaini wa kokoto haupotei motoni. Ndiyo fahari ya mfinyanzi, na hicho hicho ndicho kinachomsumbua mpiga picha.

Sababu yake si ngumu. Mwanga ukiangukia kitu kikavu chenye kukwaruza, hutawanyika pande zote, na macho yetu hupata rangi ya kitu chenyewe. Ukiangukia kitu laini, sehemu yake hudunda kama mpira ukutani: huondoka kwa pembe ile ile uliyojia. Sehemu hiyo haichukui rangi ya chungu. Huchukua rangi ya jua. Ikiingia katika lenzi, hufunika kila kilicho chini yake. Mwanachuoni wa Basra, Ibn al-Haytham, aliyaeleza mambo ya mwanga kudunda katika vioo vya kila namna, vya bapa na vya mviringo, katika kitabu chake kikubwa juu ya kuona mwanzoni mwa karne ya 11. Laiti angelifinyanga, angelitusaidia zaidi.

Tatizo la chungu ni uduara wake. Mchoro ulio bapa ukimeta, unasogea hatua moja kando na mmeto unatoweka. Chungu hakikuachi. Popote utakaposimama, patakuwa na mahali fulani tumboni mwake panapoelekeza jua kwako, maana kimeelekea pande zote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kuhangaika na pembe peke yake ni kazi bure. Kinachofaa ni kuubadili mwanga wenyewe.

Jua letu

Jua tulionalo angani ni dogo: upana wake ni kama nusu ya digrii tu. Ndiyo maana doa lake juu ya chungu huwa dogo na kali. Wingu likilifunika, mwanga ni ule ule wa jua lakini sasa unatoka mbingu nzima, na doa hutanuka likawa ung'avu mpole usioficha kitu. Kwa mpiga picha wa kazi za mikono, siku ya mawingu ni sikukuu.

Hapa nina ugomvi kidogo na vitabu vya ng'ambo. Karibu vyote humwambia mchoraji na mpiga picha atafute dirisha linaloelekea kaskazini, kwa kuwa huko kwao Ulaya jua halipiti upande huo. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, kusini yake kwa kiasi cha kilomita kumi tu. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua letu hupita kaskazini mwa vichwa vyetu, na miezi mingine hupita kusini. Kwa hiyo mwezi wa Juni mlango unaoelekea kusini haupati jua kutwa nzima, na hapo ndipo pa kuweka chungu chako. Mwezi wa Disemba uhamie mlango wa kaskazini. Dirisha la Mzungu kwetu linafaa nusu ya mwaka.

Tena, saa zetu za Kenya hupimwa kwa mstari ulio mashariki zaidi ya Kisumu, unaopita baharini mbali na Mombasa. Jua la Kisumu halifiki juu kabisa saa sita. Hufika, kwa wastani, saa sita na dakika arobaini. Anayedhani kwamba saa saba mchana jua limekwisha kupungua makali, basi analipiga likiwa kileleni. Nimeona ya kwamba muda mzuri ni saa moja hadi saa tatu asubuhi, upande wa magharibi wa nyumba, ambako kivuli bado ni kirefu na mbingu imewazi mbele. Jioni ina hadaa yake. Mtu aliyeko ufukweni Dunga huliona jua likiteremkia ziwani, akafurahi kwamba limepoa, lakini hapo ana majua mawili: moja angani na jingine majini. Chungu kitayameta yote mawili.

Chandarua

Vyungu vile sita tulivipiga upya asubuhi ya pili yake, na gharama yake haikuzidi nauli ya matatu. Tulichukua chandarua cheupe cha mbu, kitu ambacho kando ya Ziwa hakikosekani nyumbani, tukakikunja mara nne na kukitundika kwenye kamba kati ya chungu na upande wa mwanga. Upande wa pili tukasimamisha gunia jeupe la sukari lililofumuliwa na kuoshwa, ili lirudishe mwanga kidogo kivulini. Chini na nyuma tukatandika blanketi la kijivu. Doa likatoweka. Mahali pake pakabaki ung'avu mrefu, mpana, uliofuata umbo la chungu kutoka shingoni hadi tumboni. Wingu jeusi la moshi likaonekana, na ule wekundu ukarudi. Mnunuzi alichukua vyungu vitano. Cha sita mama alikuwa amekwisha kukiuza kwa jirani.

Jambo la kuangalia ni kwamba kitambaa kiwe kikubwa kuliko kitu kinachopigwa, na kiwe karibu nacho. Kitambaa cha ukubwa wa leso kilichowekwa mbali hurudi kuwa jua dogo jingine. Na kiwe cheupe kweli. Kitu laini huchukua rangi ya majirani zake, na hili huonekana zaidi katika mawe ya Kisii, yale yanayochimbwa na kuchongwa Tabaka na kuletwa Kisumu kwa wingi kuuzwa. Jiwe hilo laini huchongwa, likasuguliwa kwa msasa na maji hadi likawa nyororo, kisha hupakwa nta na kupigwa kitambaa. Nta huleta weusi na wekundu wa jiwe, lakini pia huligeuza kioo. Kijana mmoja alikuwa akipiga picha za viboko vyeupe vya mawe hayo amevaa fulana ya kijani ya Gor Mahia, na viboko vyote vikatoka na ubavu wa kijani. Alidhani simu yake imeharibika. Nilimwambia avue fulana. Alikataa, siku ile timu yake ilikuwa ikicheza, basi tukamfunika shuka.

Taa ya kamera nayo, ile inayowaka yenyewe kwa ghafla, izimwe. Imekaa kando ya lenzi, hivyo mwanga wake hugonga kitu na kurudi pale pale ulipotoka. Ni kama kumwuliza mtu swali huku umemziba mdomo.

Picha zilizo bapa

Wachoraji wa Kisumu wanaopaka vanishi juu ya rangi zao, na wale wanaozitia kazi zao ndani ya fremu yenye kioo, wana kazi rahisi zaidi, kwani sheria ya pembe huwatii. Kamera isimame katikati, iutazame mchoro uso kwa uso, na mwanga utoke kando, kushoto na kulia, kwa pembe ya nyuzi 45 au chini ya hapo kutoka katika uso wa mchoro. Mwanga wa kushoto hudundia kulia na kupita zake, wa kulia hudundia kushoto, na kamera iliyoko katikati haupati wowote.

Mwenye shaka achukue kioo kidogo cha kujitazamia, akibandike juu ya mchoro, kisha atazame kutoka pale lenzi ilipo. Chochote atakachokiona ndani ya kioo, kiwe dirisha, bati la jirani, au uso wake mwenyewe, ndicho kitakachometa katika picha. Akikiona, akiondoe au akifunike. Mara nyingi kinachobaki ni mpiga picha na kamera yake, na dawa yake ni kitambaa cheusi kilichotobolewa tundu la lenzi tu, mpigaji akajificha nyuma. Kitambaa cheusi hakina mwanga wa kudundisha.

Na kuna kichujio cha polaraiza. Mwaka 1808 Mfaransa Étienne-Louis Malus alitazama mwanga wa jua uliodunda katika madirisha ya jengo moja mjini Paris kupitia kipande cha fuwele, akaona kwamba mwanga uliodunda si sawa na mwanga wa kawaida: mtikisiko wake umelala upande mmoja. Mwaka 1815 Mskoti David Brewster akaonyesha pembe ambayo jambo hili hutimia kabisa, na kwa kioo ni karibu nyuzi 56 kutoka mstari uliosimama wima juu ya kioo. Kichujio hicho ni kama uzio wa fito: mwanga uliolala upande wa fito hupita, uliokingama huzuiwa. Ukikizungusha polepole mbele ya lenzi utaona mmeto ukififia mpaka kuisha, kisha ukirudi.

Asiye na kichujio lakini ana miwani ya jua ya aina hiyo aweza kuishika mbele ya lenzi ya simu. Kuijua kama ni yenyewe, tazama kioo cha simu nyingine kupitia miwani na kuigeuza. Mara nyingi kioo cha simu kitatiwa giza. Lakini nisimpe mtu matumaini ya bure. Kichujio hula zaidi ya nusu ya mwanga, kwa hiyo simu iegemezwe mahali isitikisike. Kwenye chungu cha duara hufanya kazi sehemu moja tu, pale pembe inapokubali. Na kwenye chuma kitupu, kama zile sanamu za mnyororo wa baiskeli na vipande vya bati zinazotengenezwa na mafundi wa jua kali, hakifai kitu, kwa sababu mwanga unaodunda katika chuma hauchujiki hivyo. Huko rudini kwenye chandarua.

Vivuli

Hadi hapa mtu aweza kudhani kwamba mwanga mpole ndio jibu la kila kitu. Sivyo, na hapa ndipo wapiga picha wengi wanapowakosea wafinyanzi. Mwanga ukiwa mpole mno na ukatoka pande zote, mmeto huisha lakini na mapambo huisha pamoja nao. Shingo ya chungu huviringishwa kamba iliyosokotwa udongo ungali mbichi, ikaacha alama ndogo ndogo. Alama hizo huonekana kwa kivuli chake tu. Bila kivuli, hakuna alama.

Si jambo la urembo peke yake. Ingrid Herbich, aliyechunguza wafinyanzi wa Kiluo na kuchapisha maandishi yake mwaka 1987, alieleza kwamba wengi wao hujifunza kazi hiyo baada ya kuolewa, katika boma la mume, kwa mama mkwe na wake wenza. Kwa hiyo mkono wa chungu hueleza zaidi mahali alipoolewa mwanamke kuliko alipozaliwa. Picha inayofuta alama za shingo imefuta habari hiyo.

Na habari za namna hiyo kando ya Ziwa ni za zamani sana. Vigae vilivyopatikana Urewe, upande wa Siaya, vina kitako chenye kibonyo kama kilichobonyezwa kwa kidole gumba, na mifereji midogo iliyochorwa kwa uangalifu. Archdeacon Walter Edwin Owen, aliyeshughulika nchi hii tangu 1918 hadi alipofariki 1945, alivichunguza pamoja na Mary na Louis Leakey, na habari zake zikachapishwa mwaka 1948. Leo ufinyanzi wa Urewe unajulikana hadi Uganda, Rwanda, Burundi na kaskazini-magharibi ya Tanzania, na wa kale kabisa umepita miaka 2,000. Wataalamu huvifananisha vigae hivyo kwa picha na michoro. Mfereji usioonekana katika picha ni kama haukuchorwa.

Dawa yake ni mwanga wa ubavuni, ulioinama, unaopita juu ya uso wa kitu kama jua la asubuhi linavyopita juu ya shamba lililolimwa. Weka chandarua chako upande mmoja tu, chini kidogo, na upande wa pili usiweke gunia jeupe bali kitambaa cheusi. Kila shimo litajaza kivuli chake. Wengine watasema picha imekuwa na giza. Ni afadhali giza hilo.

Kitu kilichonipa taabu kuliko vyote ni ngozi ya mbuta. Samaki huyu aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na viwanda vilipoanza kukata minofu yake kwa kuuza nje, ngozi zikabaki. Mafundi wa Kisumu wamejifunza kuzitengeneza zikawa ngozi imara za pochi, mikanda na viatu. Mahali kila gamba lilipokuwa pamebaki mfuko mdogo wenye ukingo ulioinuka, na juu yake fundi hupiga rangi na king'arisho. Yaani ina mikwaruzo na mng'aro kwa pamoja: mwanga wa ubavuni ukiileta mifuko, kila ukingo unawaka kama kiberiti, ukiupoza mwanga, ngozi inakuwa kama plastiki ya dukani na mnunuzi hawezi kuamini kwamba ni samaki. Nilichoona kinafaa ni kuweka kitambaa cheupe kirefu upande mmoja, chini, na kuipinda ngozi kidogo isilale bapa. Hapo sehemu moja hung'aa, sehemu ya pili huonyesha mifuko, na jicho huunganisha lenyewe. Fundi mwenye karakana aliitazama picha akasema, "Hii sasa inanuka samaki." Nilichukulia kuwa ni sifa.

Kwa maoni yangu, kuumaliza mng'aro wote si haki. Mama aliyekisugua chungu kwa kokoto siku nzima hakukisugua ili kionekane kama tofali. Ung'avu kiasi ubaki, mahali usipoficha alama wala rangi. Na kama chungu kina ufa wa kweli, ufa huo upigwe picha yake peke yake, karibu, na mnunuzi aambiwe. Wapo wanaoutumia mmeto makusudi kuficha kasoro, na wapo wanaozifuta kwa programu za simu. Hao ndio wanaowafanya wanunuzi wa mbali waone nyufa hata pasipo na nyufa.

Kuna hila nyingine ambazo siwezi kuzisifu: kupaka unga au chaki juu ya kazi ya mtu ili isimete, au kuipuliza dawa ya nywele. Chungu kisichopakwa chochote hunywa kila unachokipaka. Katika Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980 na lenye boma la Kiluo liitwalo Ber-gi-dala, mtu aombe ruhusa kwanza kabla ya kuvigusa au kuviwashia taa vitu vilivyohifadhiwa pale.

Na iko hila iliyo kinyume ya hizo. Katika kisiwa cha Mfangano, huko Mawanga na Kwitone, iko michoro ya kale ya duara nyekundu na nyeupe juu ya miamba, inayosemekana kuwa ni ya Watwa waliokaa huko kabla ya wenyeji wa sasa. Michoro hiyo haing'ai hata kidogo. Ni mikavu, imefifia. Katika sehemu nyingi zenye michoro ya aina hii wageni wamekuwa wakiimwagia maji ili rangi ziamke na zimete mbele ya kamera. Maji hulainisha rangi, huvuta chumvi kutoka ndani ya mwamba, na kila anayemwaga huondoka na chembe kidogo. Anayetaka kuipiga picha vizuri apande asubuhi, siku ya mawingu, achukue na kitu cha kuegemezea kamera, na aache chupa yake ya maji ndani ya mfuko mpaka atakaposhikwa na kiu.